Herufi Zilizovaa Gambuti

Nthiga alifungua boksi la kwanza la vijitabu vya mazishi, akatoa kimoja, akakipekua mpaka mwisho. Alikaa palepale kwenye nyasi, mbele ya nyumba ya marehemu, katikati ya watu waliokuwa wakisimamisha tenti. Mama mmoja wa jikoni akamwuliza kama amekunywa chai. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kukipekua upya.

Inspekta Felicitas Kajuju alimwona. Alikuwa amekuja Kanyakine asubuhi ile ya Alhamisi kwa kazi ambayo wapelelezi huifanya kimyakimya, kazi ya kuangalia watu wanavyomlilia maiti wao. Mpaka saa hiyo hakuwa ameona la ajabu. Mzee Runji angezikwa kesho. Mjane wake Gladys, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Kirimi, alikuwa ndani na akina mama wa kanisa. Kaburu, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa akigombana na watu wa tenti juu ya kamba. Na Kirimi, mtoto wa pekee wa nyumba ile, alikuwa seli, akingoja kupelekwa kortini Jumatatu kwa kosa la kumwua baba yake.

Kesi yenyewe ilikuwa imenyooka mno, na Felicitas hakuzipenda kesi zilizonyooka mno. Kirimi alikuwa mchuuzi wa miraa kule Maua. Mwaka mzima alikuwa akimsukuma baba yake wang'oe kahawa wapande miraa, na mzee alikuwa amemjibu mbele ya watu kwamba kahawa ile itang'olewa siku yeye mwenyewe atakapong'olewa. Ijumaa iliyopita, jioni, Kirimi akaja na mukimo wa ndizi zilizopondwa, uliopikwa na mke wake. Mzee akala. Kirimi hakugusa hata kijiko, akaondoka. Jumamosi alfajiri mzee alikuwa amekufa, na kwenye mabaki ya mukimo wataalamu wakakuta dawa ya kunyunyizia kahawa. Sasa hapo utamtetea mtu vipi?

Kirimi alijitetea kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa ametafuna miraa tangu adhuhuri, na nani Meru nzima asiyejua kwamba mtu akishatafuna miraa hana habari na chakula? La pili, baba yake mwenyewe alimpigia simu Jumanne ya wiki ile kwa namba ngeni, akamwomba amletee huo mukimo. Felicitas alifuatilia. Simu ya mzee haikuonyesha kitu. Ya Kirimi ilionyesha kweli namba ngeni, siku ya Jumanne, imesajiliwa kwa jina la ajuza mmoja wa Mbeere. Aliipigia mpaka akachoka, haikushikwa. Wenzake ofisini wakamcheka, wakasema Kirimi ameanza kusingizia nyanya za watu.

Kila siku huko seli kijana aliomba jambo moja tu. Hakuomba dhamana. Aliomba apelekwe Kanyakine, hata na pingu, amtupie baba yake udongo. Mama yake alipoulizwa alikataa katakata. Alisema mkono ule usisogee karibu na kaburi.

Basi Felicitas akamwendea yule aliyekaa kwenye nyasi, akachuchumaa karibu naye, akajitambulisha. Kijana akasema anaitwa Nthiga, ametoka Embu kuleta vijitabu, na kazi yake ni kuchora herufi. Felicitas alifikiri ni vibao vya maduka. Nthiga akatikisa kichwa. Yeye huchora herufi za kuchapia, fonti, moja baada ya nyingine, kuanzia a mpaka z, na Mzee Runji ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Kwa miaka mingi mzee alikuwa mhariri wa *Mteremko*, jarida la wakulima linalotengenezwa Embu, na hata baada ya kustaafu hakumwachia mtu apumue. Alikuwa amemwambia Nthiga kwamba jarida la watu wenye matope miguuni haliwezi kuandikwa kwa herufi za watu wa ofisini. Alitaka herufi zilizovaa gambuti.

Nthiga akamchorea. Akampa Felicitas kijitabu aone. Kweli, chini ya kila herufi palikuwa na kisigino kizito cha mraba, kama buti la mvua. Na zile zilizotumika kuandika maneno yaliyosemwa na watu zilikuwa zimelala kidogo kwa mbele, mlazo wa mtu anayepanda mlima na mzigo. Mzee ndiye aliyeupenda huo mlazo kupita kiasi. Alisema mkulima akizungumza kwenye jarida lake, maneno yake yainame hivyo, na jina lake liandikwe na alama zake zote za Kimeru au Kiembu, lisikatwekatwe. Herufi zile wakaziita Thuci, jina la mto.

Yote hayo Felicitas aliyasikiliza kwa subira ya polisi, maana yake subira fupi. Akamwuliza ni nini kilichomkalisha chini.

"Angalia m," Nthiga alisema. "Hii hapa, kwenye shairi la wajukuu. Ina miguu mitatu, lakini ni mguu wa mwisho tu uliovaa buti. Umeona? Sasa njoo ukurasa wa kumi na tano."

Felicitas akaangalia. Kwenye ukurasa wa kumi na tano kila m ilikuwa na buti tatu, mguu kwa mguu, zimebanana.

"Hizo za buti tatu ni za zamani," kijana aliendelea. "Zikichapwa ndogo wino ulijaa katikati, ikawa ni doa. Nikazivua mbili. Jumatano ya wiki jana, asubuhi. Nikafuta za zamani kwenye kompyuta, na nakala ilikuwa ni hiyo moja tu. Herufi bado sijauzia mtu. Madam, hakuna mahali duniani ukurasa huu ungeandikwa baada ya Jumatano."

"Na mzee alikufa Jumamosi," Felicitas akasema.

"Soma kilichoandikwa."

Akasoma. Ulikuwa ukurasa ule ambao kila kijitabu cha mazishi cha huku lazima kiwe nao, ule wa siku za mwisho za marehemu. *Ijumaa jioni Mzee alikaa mezani kwake, akala mukimo alioletewa kutoka Maua na mwanawe Kirimi. Hakuugua siku nyingi. Tumbo lilimkamata ghafla, na kabla ya mapambazuko ya Jumamosi akawa amepumzika.*

Felicitas akasoma tena. Akarudia mara ya tatu, sasa akihesabu buti za kila m kama mtu asiyejua kusoma. Mungu apishe mbali. Mtu aliketi akaandika kifo cha mtu aliye hai, siku tatu kabla, akataja na chakula chenyewe. Huku kwetu hata kumpimia mgonjwa suti ni mkosi. Nani mwenye moyo huo?

Alijibana. Akauliza maswali ya kumtoa mtu makosa. Je, kompyuta nyingine isingeweza kuwa na herufi za zamani? Hapana. Je, kwa nini ukurasa huu haukubadilika pamoja na zingine? Nthiga akaeleza kwamba katika ofisi yao ukurasa ukishakamilika huugandisha, yaani herufi zinageuzwa kuwa picha, ili mashine ya mchapaji isije ikazivuruga. Zikishaganda hazibadiliki tena. Ukurasa wa tatu pia ulikuwa umegandishwa zamani, na huo kila mtu alijua ulikotoka, ni maneno ya shukrani ya mzee mwenyewe. Alikuwa ameandaliwa ibada ya shukrani kwa kutimiza miaka sabini, na kijitabu cha ibada hiyo ndicho kilichogeuzwa kuwa cha mazishi baada ya yeye kufa. Felicitas akalinganisha. Kwenye ukurasa wa tatu pia kila m ilikuwa na buti tatu.

"Nani aliwaletea ukurasa wa kumi na tano?"

"Sijui. Mimi nilidhani Nelius ameupata kwa familia. Nelius ndiye hupanga kurasa. Mimi nilikuja kuuona leo, ukiwa umeshachapwa."

"Na nani kwa familia alishughulika na kijitabu?"

Nthiga akaangalia kule kwenye tenti. Kaburu alikuwa ameshika kamba mwenyewe sasa, akiwaonyesha vijana jinsi wanaume wa kweli wanavyofunga fundo.

Felicitas akamwita Kaburu nyuma ya nyumba, karibu na mtambo wa kumenyea kahawa. Alimwuliza kwa upole, kwa sababu alikuwa anamwogopa kidogo na hakutaka ajue. Kaburu akasema ndiyo, Jumatatu alishuka Embu, akawaambia wale vijana wabadilishe jalada, waongeze ratiba ya ibada na mashairi, mambo mengine wayaache kama kaka yake alivyoyaacha. Ukurasa wa kumi na tano aliuona kwenye karatasi za kusahihisha. Alidhani ameuandika Mama Kirimi.

"Ukakubali kijana atajwe hivyo, mbele ya kanisa?"

"Madam, si uongo. Alikuja na mukimo, mzee akafa. Mimi nilisema tu, heri imeandikwa kwa heshima."

Mama Kirimi, alipoulizwa dirishani, alisema alidhani umeandikwa na Kaburu. Kijitabu chenyewe hakuwa na nguvu za kukisoma. Wiki ile hata hakuwa nyumbani, maana mume wake alimhimiza aende Chuka akamtazame dada yake mgonjwa, akamwambia asirudi kabla ya Jumapili, yeye atajipikia uji. Akaanza kulia. Alisema angekuwepo angeuonja ule mukimo kwanza, kwa sababu mukimo wa mkamwana wake haujawahi kuwa na chumvi ya kutosha.

Felicitas akarudi kwa Kaburu. Sasa alimtazama vingine. Mtu huyu angefaidika vipi? Kaburu akaeleza bila kuombwa sana. Shamba la kahawa lingeenda kwa Kirimi. Mzee alikuwa amejaribu kumzuia. Alikwenda kwa wakili, akarudi akicheka kicheko kibaya, akasema wakili amemwambia ni vigumu kumnyima mtoto wa pekee shamba la ukoo.

"Na kama Kirimi hatarithi?"

"Litabaki kwa mjane, na mimi ni msimamizi. Kahawa haing'olewi. Kaka alikuwa ameshaandika hivyo."

Haya. Sababu anayo, na Jumatatu alikuwa Embu mbele ya kompyuta. Felicitas alikuwa karibu kumtia pingu. Kilichomzuia ni hiyo Jumatatu yenyewe, kwa sababu m za Jumatatu zilikuwa na buti moja. Akamwuliza alikuwa wapi Jumanne ya wiki iliyotangulia. Kaburu akasema alikuwa amelazwa, amewekewa maji, malaria, na kadi ya hospitali akaitoa mfukoni kama mtu aliyezoea kutoaminiwa. Felicitas akapigia hospitali hapohapo. Muuguzi akathibitisha, akaongeza kwamba mgonjwa yule ni msumbufu.

Ikabaki Embu. Felicitas akampakia Nthiga kwenye gari. Walipopita Chuka kijana akauliza kama herufi zake zitaandikwa kwenye magazeti kwamba zilitumika kuua mtu. Felicitas akamwambia herufi haziui. Nthiga akasema hiyo anajua, lakini alizichora yeye, na usiku wa jana alikuwa anazisifu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu, chumba kimoja na kompyuta moja nzuri. Nelius alikuwa ameinamia kalenda ya shule fulani. Alikuwa msichana wa Embu, mnene wa mashavu, mwenye sauti ya kwaya. Felicitas alimwuliza kuhusu ukurasa wa kumi na tano na Nelius akasema, bila wasiwasi, kwamba ule aliukuta umeshapangwa ndani ya faili. Alidhani Nthiga ameufanya. Nthiga akasema yeye hakuugusa. Wakatazamana, na hapo ndipo wote wawili walipoelewa kwamba kuanzia Jumatatu mpaka leo kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake. Nelius akafunika mdomo kwa kiganja.

"Faili inasema iliandikwa lini?" Felicitas akauliza.

"Jumatatu," Nelius akasema. "Lakini hiyo ni kwa sababu niliifungua nikaisevu upya. Ya kwanza imefutika."

Kwa hiyo kompyuta yenyewe ilikuwa imesahau. Hakuna aliyekumbuka tarehe isipokuwa zile m. Felicitas akasimama katikati ya chumba akifikiri. Kisha akatoa simu, akaitafuta ile namba ngeni, ile ya ajuza wa Mbeere. Hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza kwa nini alifanya hivyo pale. Akapiga.

Juu ya meza, karibu na kikombe cha Nelius, simu ikaanza kuimba wimbo wa tenzi.

Nthiga akaruka. Nelius akaitazama simu, akamtazama Felicitas. Alisema laini imesajiliwa kwa jina la nyanya yake, tangu yeye hajapata kitambulisho. Alisema namba asizozijua hashiki, kuna watu wanapiga wakijifanya wa benki. Aliyasema yote haraka haraka, huku wimbo ukiendelea, mpaka Felicitas alipokata.

"Jumanne ya wiki jana simu hii ilimpigia mtu wa Maua," Felicitas akasema. "Ni wewe uliyepiga?"

"Jumanne?" Nelius akafumba macho. "Jumanne Mzee Runji alikuwa hapa. Alisema yake imezima, akaomba yangu amsalimie kijana wake."

"Alisema nini?"

"Alizungumza Kimeru, mimi ni wa Embu, nilikuwa naokota neno mojamoja tu. Mukimo. Ijumaa. Alimbembeleza, madam. Alimwita baba, vile mzee humwita mtoto aliyepewa jina la baba yake. Nikafikiri, hao wameshapatana, nikafurahi."

Felicitas akavuta kiti, akakaa. Akaomba aelezwe siku ile yote, polepole, bila kurukwa kitu. Nthiga alikuwa ameshuka Mbeere siku hiyo. Mzee alikuja peke yake, akasema anataka kusahihisha maneno yake ya shukrani, akakaa mbele ya kompyuta kama alivyozoea. Hilo halikuwa jambo geni. Alikuwa akiijua kazi ya kupanga kurasa kuliko hata wao, na mlazo wa Thuci hakumruhusu mtu mwingine aupange akiwepo. Baada ya simu akamtuma Nelius akamletee mandazi. Alichovya moja kwenye chai, akashindwa kulimeza, akalirudisha kwenye sahani, akasema koo linamsumbua. Kisha akafunga faili, akamshukuru, akaenda zake. Hakuna mtu mwingine aliyeketi kwenye kiti kile Jumanne nzima.

"Alikuwa anaandika ukiwa nje?"

"Nilimsikia kwenye ngazi nikirudi. Alikuwa anapiga kibodi kwa nguvu, vile yeye hupiga."

Chini, dukani, mtu alikuwa akibishana bei ya mbegu za maharagwe. Felicitas akakumbuka ripoti ya daktari aliyempasua maiti. Ilikuwa na mambo mawili, na wote pale ofisini, yeye akiwemo, walisoma la kwanza tu, la sumu. La pili lilikuwa uvimbe kooni, uliokwisha kusambaa, uliombakizia mzee miezi michache ya kuishi. Mke wake hakuujua. Kaburu hakuujua.

Basi alijua anakufa. Alimwondoa mke nyumbani. Alimwita mwanawe kwa sauti ya mapenzi, kwa simu ya mtu mwingine, aje na chakula jioni ya Ijumaa, akijua kijana wa miraa hatagusa sahani ile. Alipoondoka, akaimwagia mwenyewe dawa ya kahawa. Na kwa nini? Felicitas akachukua simu akampigia yule wakili, akamwuliza swali moja la sheria. Jibu halikuchukua hata dakika. Mtu aliyemwua mwenye mali harithi mali yake. Wakili akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa, kwamba swali hilohilo aliulizwa na Mzee Runji mwenyewe mwezi uliopita, na yeye alifikiri anataniwa.

"Jamani," Nthiga akasema. "Jamani, mzee."

Angeweza kufaulu. Hilo ndilo lililomshtua Felicitas kuliko sumu. Kama angekufa tu, akanyamaza kama maiti wengine, Kirimi angefungwa maisha na kahawa ingebaki imesimama. Lakini mhariri ni mhariri. Wahariri huwaandikia wakubwa habari za kifo wakiwa bado wanakula na kunywa, wakaziweka kabatini, siku ikifika wajaze tarehe. Ndiyo kazi yao. Mzee Runji hakuweza kumwachia Kaburu ukurasa ule, auandike kwa Kiswahili chake kibovu na herufi za bure za kompyuta. Aliutaka uandikwe vizuri, kwa mlazo wa Thuci. Hakujua kwamba kesho yake asubuhi Nthiga angeamka na kuanza kuvua buti.

Felicitas aliandikisha maelezo ya Nelius, akayachukua na ya Nthiga, akaichukua kompyuta yenyewe mbele ya mashahidi. Saa kumi za jioni alikuwa amesharudi Meru. Mkuu wake aliyasoma maelezo yote akiwa amesimama, akakaa, akayasoma tena. Akavua kofia. Alisema katika kazi yake yote ameona watoto wakiua wazazi na wazazi wakiua watoto, lakini hii ya leo hana jina lake. Akazungumza na upande wa mashtaka kwa simu, makaratasi ya korti yatafuata, kijana atoke jioni hiyohiyo akamzike baba yake. Akampa Felicitas funguo mwenyewe.

Kirimi alikuwa amekaa kwenye sakafu, mgongo ukutani. Jicho moja lilikuwa bado limevimba kwa kipigo cha wanakijiji. Felicitas alifungua mlango, akauacha wazi, akaketi kwenye benchi lililokuwa nje yake. Akamwambia yuko huru. Akamwambia gari liko nje, atalala kwao leo, kesho atasimama kaburini bila pingu.

Kijana alicheka, akalia, akasimama, akakaa tena. Alimshukuru Mungu kwa Kimeru na Felicitas kwa Kiswahili. Kisha akauliza, ni nani basi.

Felicitas alikuwa amejiandaa njia nzima kutoka Embu, lakini maneno aliyoyaandaa hakuyatumia. Akampa kijitabu. Akamwonyesha m za shairi la wajukuu, akamwonyesha m za ukurasa wa kumi na tano, akamweleza kuhusu simu ya Nelius, na wakili, na uvimbe wa koo. Hakuficha kitu. Kirimi alisikiliza bila kumkatiza. Felicitas alipofika mahali ambapo mzee alimwita mwanawe baba kwenye simu, Kirimi aliinua mkono, na yeye akanyamaza.

"Nilipika mwenyewe," Kirimi akasema baadaye. "Nilisema ni mke wangu, lakini nilipika mwenyewe. Nilifikiri amenisamehe."

Akarudia kusoma ukurasa ule. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Alipomaliza alikifunga kijitabu taratibu, akakipangusa jalada kwa mkono wa shati, pale penye picha ya baba yake, akamrudishia.

"Mama anajua?"

"Bado. Nilitaka uanze wewe."

"Nikitokea kesho pale kaburini, watu watauliza. Wataniona niko huru, watauliza basi ni nani. Na mama atauliza. Utamjibu nini, Inspekta? Sanduku likiwa hapo?"

Felicitas akakiweka kijitabu kwenye benchi, kando yake.

"Mazishi yanaisha saa ngapi?" Kirimi akauliza.

"Saa nane. Tisa, wakichelewa."

"Basi nitatoka kesho saa kumi," Kirimi akasema. "Mama amzike kwanza. Leo bado ni mume wake."

Felicitas akamwambia kwamba hilo haliwezekani. Sheria haimruhusu kumfungia mtu aliye huru, hata kwa saa moja, na mkuu wake ameshatoa amri. Alimkumbusha kwamba kwa wiki nzima alikuwa akililia udongo wa baba yake, na kwamba mazishi hayarudiwi. Alisema mengine pia, na sauti yake haikuwa ya polisi tena. Kirimi alimsikiliza kwa adabu.

Kisha akainuka kutoka sakafuni, akaja mpaka mlangoni, akashika nondo kwa mikono miwili, akauvuta mlango kutoka ndani mpaka ukajifunga.